Jinsi ya Kukagua Kituo cha Kulelea Watoto Kabla ya Kumwacha Mwanao

Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, na baba siku 4. Ukizihesabu utaona kwamba mama anayefanya kazi Kampala, Jinja au Mbarara hurudi kazini mtoto akiwa hajatimiza miezi mitatu, au ndiyo kwanza anaitimiza. Katika umri huo mtoto hawezi kukaa, hawezi kusimulia alivyotendewa, na chakula chake bado ni maziwa ya mama peke yake. Wengi wetu hutafuta kituo katika wiki ya mwisho ya likizo, tukiuliza jirani mmoja na kutazama picha za twiga na tembo zilizochorwa ukutani, kisha tunalipa. Mwongozo huu unamtaka mzazi aanze wiki tatu au nne mapema, na umejengwa juu ya jambo moja nililojifunza kwa uchungu: rangi ya ukuta hukuonyesha fedha za mwenye kituo, lakini malezi yenyewe huonekana saa ambazo hakuna anayekutarajia.

Hatua ya kwanza: Soma karatasi zilizotundikwa ofisini

Katika ofisi ya kituo, au deikea kama wengi tunavyokiita, utakuta fremu mbili tatu zimetundikwa nyuma ya meza. Zisome moja moja. Cheti cha URSB, ile ofisi ya serikali inayoandikisha majina ya biashara, kinathibitisha tu kwamba jina hilo limeandikishwa. Leseni ya biashara inayotolewa na KCCA (mamlaka ya jiji la Kampala), manispaa au kaunti ndogo inathibitisha kwamba ada imelipwa. Hakuna kati ya hizo mbili inayosema kwamba mkaguzi amewahi kuingia chumba wanacholala watoto. Unachotafuta ni leseni au cheti cha usajili wa taasisi ya elimu ya awali chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2008, pamoja na ripoti ya ukaguzi wa mwisho. Kwa Kampala, uliza katika ofisi ya elimu ya divisheni yako, iwe Central, Kawempe, Makindye, Nakawa au Rubaga. Kwingineko, mwone Afisa Elimu wa Wilaya au mkaguzi wa shule.

Ni lazima niseme kwamba vituo vingi vidogo vinavyoendeshwa majumbani havijakamilisha karatasi hizo, na baadhi yake vinalea watoto vizuri kuliko vile vyenye mabango makubwa barabarani. Kwa hiyo kukosekana kwa cheti si mwisho wa habari, ila kudanganywa kuhusu cheti ni mwisho wa habari. Mwenye kituo akikuambia kwamba maombi yake yako wilayani, mwombe kwa upole nakala ya barua aliyopeleka. Kisha pita kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, wa eneo hilo, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni nani aliyewahi kushitakiana na nani, na kama kuna mtoto aliyewahi kuumia pale.

Hatua ya pili: Tembelea mara tatu, kwa saa tatu tofauti

Ziara ya kwanza iwe ya miadi, saa nne asubuhi, wakati watoto wameoga, wamekunywa uji na wanaimba. Ziara hiyo ni ya mwenye kituo. Mwache akuonyeshe anachotaka kukuonyesha. Wewe uliza maswali, andika majibu kwenye daftari, ushukuru na uondoke.

Ziara ya pili isiwe na taarifa, na iwe kati ya saa sita na nusu na saa nane mchana. Hizo ndizo saa za chakula, nepi na usingizi, saa ambazo walezi wamechoka na watoto wanalia kwa pamoja. Simama mlangoni dakika tano bila kusema neno. Tazama kama mlezi anayelisha anangoja mtoto ameze kabla ya kuinua kijiko kingine, au anashindana na saa. Tazama kama kijiko kimoja kinapita midomo ya watoto watatu. Tazama kama mlezi amenawa mikono baada ya kubadilisha nepi na kabla ya kushika sahani, kwa kuwa hapo ndipo kuhara kunapoanzia kuliko mahali pengine popote. Bomba la kisasa si sharti. Kibuyu chirizi chenye maji na sabuni karibu na meza ya nepi kinatosha, mradi kiwe kimelowa kwa kutumiwa na si kikavu cha maonyesho.

Ukizuiwa kuingia katika ziara hii, sikiliza sababu. Kituo kina haki ya kutomruhusu mgeni asiyejulikana kuzunguka kati ya watoto, na kwa kweli ningekiogopa kituo ambacho humruhusu. Lakini mzazi uliyekwisha kuja na kujitambulisha unapaswa kuruhusiwa kutazama ukiwa umesindikizwa. Jibu la kwamba wazazi hawaruhusiwi kamwe kupita ofisini linatosha kukuondoa hapo.

Ziara ya tatu ni ya saa kumi na moja jioni kuelekea saa kumi na mbili. Simama nje ya lango. Hesabu ni walezi wangapi bado wapo, maana vituo vingi huwaruhusu walezi wawili watatu kuondoka saa kumi huku watoto wakibaki wale wale. Angalia watoto wanatoka katika hali gani: wenye nepi nzito tangu mchana, wenye makamasi yaliyokauka, au waliopanguswa na kubadilishwa. Salimiana na wazazi wanaokuja kuchukua watoto. Mzazi mmoja aliyehamisha mtoto wake kutoka kituo hicho ana habari zaidi ya wazazi kumi waliopo, kwa hiyo uliza kama wanamjua wa namna hiyo.

Hatua ya tatu: Hesabu watu wazima

Uliza idadi ya watoto kwa kila chumba, kisha hesabu mwenyewe. Kwa kulinganisha, Uingereza inadai mlezi mmoja kwa kila watoto 3 walio chini ya miaka 2, na tangu mwaka 2023 mlezi mmoja kwa watoto 5 wenye miaka 2. Katika vituo vyetu vya bei ya kawaida hesabu hiyo haifikiwi kirahisi. Hata hivyo, fikiria mlezi mmoja mwenye watoto wanane wasiotembea: moto ukiwaka atawabeba wangapi? Mimi nisingemwacha mtoto mchanga mahali ambapo mlezi mmoja ana zaidi ya wanne. Mpishi na mfagiaji wasihesabiwe, hata kama wamevalishwa sare ya walezi siku ya ziara yako.

Uliza pia walezi wamekaa hapo kwa muda gani. Kituo kinachobadilisha ma-anti kila mwezi kina tatizo, mara nyingi la mshahara, na mtoto mchanga anayebadilishiwa mikono kila mara hulia sana na hula kidogo. Uliza waliosomea malezi ya awali wamesomea wapi na nani amejifunza huduma ya kwanza. Usiridhike na jibu la ndiyo. Uliza: "Anti, mtoto wa miezi minane akipaliwa na kitu, unafanyaje?" Aliyefundishwa atakuonyesha kwa mikono: anamlaza kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikielekea chini, anampiga mgongoni mara tano kati ya mabega kwa kiganja, kisha anamgeuza na kumbonyeza kifuani mara tano kwa vidole viwili. Anayesema atamwekea kidole mdomoni kutafuta kitu hicho hajafundishwa.

Watu wazima wote wanaoingia lango hilo, akiwemo mlinzi na dereva wa gari la watoto, wawe na cheti cha mwenendo mwema kinachotolewa na Polisi ya Uganda kupitia kitengo chake cha Interpol, pamoja na barua ya LC1 na nakala ya kitambulisho cha taifa.

Hatua ya nne: Kagua maji, moto na lango

Watu wengi hutazama bembea na kusahau pipa. Katika miji yetu maji ya bomba hukatika, kwa hiyo kila kituo kina mapipa, ndoo na jerikani. Mtoto anayejifunza kutembea anaweza kuzama katika ndoo yenye maji ya kina cha kiganja, kwa sababu kichwa chake ni kizito kuliko miguu na akishatumbukia hawezi kujiinua. Kila pipa liwe na kifuniko kinachofungwa, na ndoo imwagwe mara baada ya kutumika. Kama choo ni cha shimo, watoto watumie poti, na mlango wa choo uwe na komeo lililo juu ya kimo chao.

Jiko la makaa liwe nje ya vyumba vya watoto, nyuma ya mlango unaofungwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua katika chumba kilichofungwa, na hatari hiyo huongezeka siku za mvua, wapishi wanapohamishia jiko ndani. Mafuta ya taa na dawa ya kufulia visihifadhiwe katika chupa za soda. Kisha tazama madirisha. Nondo za kuzuia wezi ziko kila mahali Uganda, na nyumba yenye nondo kila dirisha na mlango mmoja tu haifai kulea watoto. Hatujasahau moto wa bweni la Budo Junior wa Aprili 2008, uliowaua wasichana wadogo waliokuwa wamelala. Uliza mlango wa pili uko wapi, ufunguo wake uko kwa nani, na umwombe aufungue mbele yako. Kama ufunguo unatafutwa kwa dakika kumi, umekwisha kupata jibu.

Lango lijifunge lenyewe au liwe na mtu, hasa kama nje yake kuna kituo cha bodaboda.

Hatua ya tano: Maziwa na chakula

Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, swali kuu ni kama kituo kinajua kutunza maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Maziwa hayo hukaa kwa muda usiozidi saa nne katika joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25, na hadi siku nne katika jokofu. Yakibaki baada ya mtoto kunywa, yamwagwe ndani ya saa mbili. Kila chombo kiandikwe jina la mtoto, tarehe na saa. Kwa kuwa umeme hukatika, uliza mpango wao ni upi jokofu likizimika. Kisanduku cha barafu ni jibu zuri, na kimya ni jibu baya. Napendelea kikombe kidogo kuliko chupa, kwa sababu kikombe huoshwa kwa urahisi na chuchu ya chupa huficha uchafu. Kama mtoto anatumia maziwa ya unga, maji yawe yamechemshwa na yawe bado na joto la nyuzi 70 au zaidi yanapochanganywa, kisha yapozwe kabla ya kumpa.

Kwa wakubwa, omba kuona ratiba ya wiki na uilinganishe na kilichomo sufuriani siku ya ziara ya ghafla. Posho (ugali) na maharage kila siku hushibisha tumbo, ila mtoto anahitaji pia yai, dagaa, mboga za majani, parachichi au papai. Chungulia ghala: magunia ya unga na karanga yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, pakavu, maana mahindi na karanga zilizoota ukungu huwa na sumu inayodhuru ini. Karanga nzima, vipande vya muwa, bisi na mbegu za fenesi visiwafikie watoto wa umri huu, kwa sababu ndivyo vinavyowapalia.

Hatua ya sita: Usingizi na dawa

Hapa nitakaa kidogo. Mtoto wangu wa kwanza alipokuwa na mwaka mmoja, nilimpeleka kituo kimoja kilichosifiwa sana mtaani. Alikuwa akirudi mzito, ananing'inia begani, analala kabla ya kula, na mimi niliyechoka na foleni za barabarani nilishukuru. Wiki ya tatu nilipata ruhusa kazini nikafika saa saba bila taarifa. Watoto kumi na wanne walikuwa wamelala kimya, wote kwa pamoja, na juu ya kabati kulikuwa na chupa ya dawa ya mafua na kijiko chake kikiwa bado kibichi. Niliambiwa kwamba wana mafua. Wote kumi na wanne.

Dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi hazipaswi kupewa mtoto ili alale, na kwa mdogo zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua. Kwa hiyo uliza utaratibu wa dawa kabla ya yote: dawa inatolewa tu kama mzazi ameileta, ameandika kipimo na saa, na ametia saini, mlezi naye anaandika saa aliyoitoa. Dawa ya kituo chenyewe, zaidi ya chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, isiwepo. Watoto hawalali wote kwa dakika moja. Wawili watatu huwa macho wakichezea vidole vyao. Chumba kizima kikiwa kimya kama msikiti kabla ya adhana, uliza.

Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto wala blanketi zito karibu na uso, na chini ya chandarua kisichotoboka. Walezi wengine watakuambia kwamba akilala chali atapaliwa na matapishi. Ni wasiwasi wa kawaida, lakini kulala kifudifudi ndiko kunakoongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini. Kila mtoto awe na shuka lake.

Hatua ya saba: Ugonjwa

Kituo makini kitakuomba kadi ya chanjo kabla hujakiomba chochote. Chanjo ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na tangu mwaka 2022 kuna dozi ya pili ya miezi 18. Maana yake ni kwamba mtoto wako wa miezi minne analindwa na chanjo za watoto wenzake. Uliza mtoto akipata homa wanafanya nini. Jibu sahihi ni kumtenga na wenzake, kukupigia simu mara moja, na kumpeleka kupimwa malaria kama hupatikani. Waulize kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, ni cha daraja la tatu au la pili, na usiku au wikendi wanaenda wapi.

Hatua ya nane: Mkataba wa kumpokea na kumtoa mtoto

Andika orodha ya watu wasiozidi wanne wanaoweza kumchukua mtoto, yenye picha zao na namba zao, na uhakikishe mlinzi wa lango ana nakala. Bodaboda wa kila siku asiwemo, hata kama mnaaminiana. Katika wiki ya kwanza fanya jaribio: mtume kaka yako ambaye hayumo kwenye orodha aende kumwomba mtoto kwa jina, akisema ametumwa na mama yake. Wakikupigia simu kwanza, wape shukrani. Wakimkabidhi, mchukue mtoto siku hiyo hiyo na usimrudishe.

Kwa familia zinazozungumza Kiswahili nyumbani, kama ilivyo kwa wengi wetu wa kambini, wa Koboko au waliotoka upande wa Kongo, kuna jambo dogo linalosahaulika. Walezi wengi Kampala watazungumza na mtoto kwa Luganda na Kiingereza. Waandikie maneno yake kumi: maji, kojo, nyonyo, maumivu anayaitaje. Mtoto wa miaka miwili anayesema "mkojo" mara tatu bila kueleweka atajikojolea, kisha ataitwa mtukutu.

Hatua ya tisa: Adhabu, na wiki za mwanzo

Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yamekataza adhabu ya kumpiga mtoto katika taasisi za kujifunzia. Usiulize kama wanapiga, uliza, "Mtoto akimng'ata mwenzake mnafanyaje?" Kisha tazama juu ya kabati na nyuma ya mlango kama kuna fimbo, na uangalie kama watoto hujikunyata mlezi anapoinua mkono kushika kitu.

Wiki ya kwanza mwache nusu siku. Kila jioni unapomwogesha, mkague mgongo, mapaja na masikio. Mpime uzito kila mwezi kwenye kadi yake, kwa sababu mtoto anayenyimwa chakula hushuka kwenye mstari kabla hajaonyesha dalili nyingine. Kilio cha asubuhi wakati wa kuachana ni cha kawaida kwa wiki mbili au tatu. Kinachotisha ni mtoto aliyekwisha kuzoea anapoanza ghafla kumkwepa mlezi fulani, kushtuka usingizini au kukataa kuvuliwa nguo.

Ukiona jeraha lisiloeleweka, lipige picha siku hiyo, mpeleke mtoto hospitali, na uripoti kwenye dawati la ulinzi wa mtoto na familia katika kituo cha polisi, ambako utapewa fomu ya polisi namba 3 ya uchunguzi wa daktari. Namba 116 ya Sauti, ambayo ni laini ya taifa ya watoto, hupigwa bure. Kama unashuku unyanyasaji wa kingono, usimwogeshe mtoto wala kufua nguo alizovaa, na ufike hospitali ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI haifanyi kazi baada ya hapo. Malalamiko kwa mwenye kituo yaje baada ya hayo, kwa maandishi, na nakala yake uipeleke kwa mkaguzi wa shule na afisa ustawi wa jamii wa wilaya, ili kama kituo kitafungwa hapo na kufunguliwa mtaa wa pili kwa jina jingine, kumbukumbu iwepo.